MABANZI NA PUMBA NAZO NI MALI

Kiangazi kinapoingia katika Nyanda za Juu za Kusini, mlio wa misumeno ya mnyororo husikika tangu asubuhi hadi jua linapotua. Mufindi, Njombe, Makete na Kilolo, miti iliyopandwa miaka kumi na zaidi iliyopita huangushwa, hukatwa magogo, hupasuliwa mbao na kupakiwa kwenye malori. Wenye miti hiyo si wakulima wa vijijini peke yao. Wengi ni walimu, waganga, makarani na maofisa wa Serikali waliojinyima katika mishahara yao, wakanunua ekari mbili tatu na kupanda misindano, au mipaina kama wengi wanavyoiita, iwe akiba ya uzeeni na karo ya watoto. Jambo hilo ni la kusifiwa. Mtumishi aliyepanda miti ameonyesha kwamba anajua tofauti iliyopo kati ya kujitegemea na kungojea kiinua mgongo.

Lakini lori la mwisho likishaondoka, shamba hubaki kama mahali palipopita kundi la tembo. Matawi yametupwa huku na huko, mabanzi yamerundikana pale mashine iliposimama, vilima vya pumba za mbao vimelowa umande, na visiki vimeachwa virefu kufikia magoti kwa sababu mkataji hakutaka kuinama. Mwenye shamba, ambaye aghalabu yuko mjini kazini kwake, hupiga simu na kumwagiza kibarua apige kiberiti ili "kusafisha". Kwa njiti hiyo moja huteketea sehemu kubwa ya kazi iliyofanywa na jua, mvua na udongo kwa miaka mingi. Na siku hiyohiyo, nyumbani kwa mwenye shamba, gunia la mkaa linanunuliwa kwa fedha taslimu.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mtu na shamba lake. Sivyo. Tathmini ya misitu ya nchi nzima iliyotolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii mwaka 2015 ilionyesha kwamba Watanzania walikuwa wakitumia meta za ujazo milioni 62.3 za miti kwa mwaka, ilhali kiasi kilichoweza kuvunwa bila kuipunguza misitu kilikuwa milioni 42.8 tu. Pengo lilikuwa meta za ujazo milioni 19.5 kila mwaka, na pengo la namna hiyo halizibwi na kitu kingine ila kukata pasipopaswa kukatwa: kwenye vyanzo vya maji, kwenye miombo, kwenye hifadhi za vijiji. Katika hesabu kama hiyo, banzi lililochomwa bure Mufindi lina kesi ya kujibu mbele ya mti uliokatwa Tabora au Kilwa.

Haifai hata kidogo kuulaumu msumeno wa mnyororo, ambao mafundi wengi huuita chenso. Wazee waliopasua mbao kwa mikono wanalikumbuka shimo la kupasulia: mtu mmoja juu ya gogo, mwenzake chini shimoni akila vumbi na kufumba macho, na kutwa nzima ikipita kwa mbao chache. Aliyefanya kazi ile hatamani irudi. Na mnyororo huo wenyewe umetokana na maumbile. Mwaka 1946 Mmarekani mmoja mkataji miti, Joseph Cox wa jimbo la Oregon, alimtazama buu wa mdudu mtoboa miti akitafuna mti kushoto na kulia bila kuchoka, akaziiga taya zake katika chuma. Mnyororo wake ukaingia sokoni mwaka 1947, na minyororo mingi ya leo imefuata umbo lile. Buu yule, ikumbukwe, hakitupi anachokitafuna, hukila.

Lawama iwe juu ya matumizi. Chenso ni chombo cha kuangushia mti na kukatia magogo. Kuitumia kupasulia mbao ni kuukubali mkato mpana unaomeza mti. Mnyororo wa kawaida hula karibu milimita 8 kila unapopita. Ubao wa inchi moja una unene wa milimita 25. Fundi akipasua mbao kumi kwa chenso, mnyororo umekula milimita 80, yaani unene wa mbao tatu zilizosagwa zikawa pumba. Msumeno wa mkanda hula milimita mbili au tatu tu. Zile mashine ndogo zinazojulikana kwa jina la ding-dong, ambazo zimeenea mno katika Nyanda za Juu, zina mkato mpana pia, hasa jino linapokuwa butu na fundi akaongeza nguvu badala ya kunoa. Mwalimu wa hesabu mwenye shamba la miti angeweza kuufanya mfano huu kuwa swali la darasa la sita, na pengine yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kushtushwa na jibu.

Kabla ya habari ya mabaki, hapana budi yasemwe machache juu ya watu wanaoshika misumeno hiyo, kwa kuwa kupoteza mti ni hasara lakini kupoteza mguu wa kijana ni hasara isiyolipika. Ni kawaida kumkuta mkataji akiwa amevaa ndala, kaptura na fulana, sigara mdomoni, petroli kando yake. Analipwa kwa idadi ya magogo au ya mbao, kwa hiyo haraka ndiyo mshahara wake. Mwenye shamba anayepatana naye bei ya kila ubao bila kuuliza kama ana buti amekwisha kuingia katika ajali kabla haijatokea. Kofia ngumu, kinga ya macho, viziba masikio, buti na suruali yenye nyuzi maalumu ndani, ambazo hujisokota kwenye mnyororo na kuusimamisha, si mapambo ya wazungu. Mlio wa chenso hupita desibeli 100, na masikio yaliyozibwa na mlio huo hayafunguki tena. Kuhusu vumbi, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaochunguza vyanzo vya saratani waliliingiza vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani mwaka 1995. Vumbi la mvule linajulikana tangu zamani kwa mafundi seremala kwa kuwasha ngozi na kubana kifua.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni msumeno kuruka nyuma. Sehemu ya juu ya ncha ya ule ubapa unaobeba mnyororo ikigusa tawi au gogo jingine, msumeno humrukia mshikaji usoni au shingoni kwa kufumba na kufumbua. Hakuna mtu mwenye mikono ya haraka kuushinda. Dawa yake ni kuushika kwa mikono miwili daima, kutokukata kwa ncha, kutoinua msumeno kupita mabega, na breki ya mnyororo iwe inafanya kazi. Mara nyingi breki hiyo hufunguliwa na kutupwa ikishaharibika, kwa kuwa msumeno hukata vilevile bila ya hiyo.

Hata gogo lililolala chini lina hila zake. Gogo lililoegemezwa ncha zote mbili, katikati pakiwa wazi, limebanwa upande wa juu na kuvutwa upande wa chini. Mkataji akishuka kutoka juu moja kwa moja, mkato hufumba na kuunasa msumeno. Yampasa akate theluthi moja kutoka juu, kisha amalizie kutoka chini. Gogo lililoshikiliwa upande mmoja tu, ncha yake ikining'inia, lina desturi ya kinyume: theluthi ya kwanza hukatwa kutoka chini, kisha humaliziwa kutoka juu, la sivyo litapasuka kabla ya wakati na kumpiga mtu. Kabari ya mti ikigongwa katika mkato huuzuia usifumbe. Kabari ya chuma huvunja meno ya mnyororo. Kwenye mteremko mkataji husimama upande wa juu wa gogo. Kwa kukatia kuni nyumbani, jozi mbili za miti iliyopishanishwa kama herufi X na kufungwa imara zatosha kulishikilia gogo, mnyororo usiguse mchanga. Mnyororo uliogusa mchanga mara moja tu huhitaji kunolewa upya, na mnyororo butu ndio utoao vumbi jembamba badala ya vipande vinavyoonekana. Mwenye shamba asiyejua lolote la ufundi aweza kuchota pumba kiganjani na kujua kama fundi wake amenoa.

Jambo jingine ambalo halisemwi: oili. Mnyororo wa chenso hauwezi kwenda bila kulainishwa, na oili inayoulainisha haizunguki kurudi mahali pake, bali hurushwa yote kwenye pumba na udongo. Mafundi wengi hutumia oili chafu iliyomwagwa kwenye injini za magari kwa sababu ni rahisi kupatikana. Oili hiyo ina masizi na chembe za metali. Pumba za namna hiyo hazifai banda la kuku wala bustani, na kumbe bei ya oili safi kwa kazi ya siku moja ni ndogo ukilinganisha na thamani ya pumba zilizoharibiwa.

Sasa yafaa kuyatazama mabaki yenyewe. Banzi ni ule ubavu wa gogo wenye gome upande mmoja na uso wa msumeno upande wa pili. Kwa kaya yenye fundi wa kawaida, mabanzi hujenga uzio, banda la kuku, zizi la mbuzi, choo cha muda, rafu za ghala, vichanja vya kuanikia vyombo na mizinga ya nyuki. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuyachimbia ardhini. Banzi la msindano lisilotiwa dawa halimalizi muda mrefu udongoni kabla ya mchwa na uozo kulila. Nguzo ziwe za mti mgumu, na mabanzi yapigiliwe juu yake yakiwa yameinuliwa kiganja kimoja kutoka chini. Magome yabanduliwe kwanza, maana chini ya gome ndipo wadudu wanapotaga.

Mabanzi na matawi manene yasiyofaa kujengea ni kuni, lakini si siku ileile. Mti mbichi waweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, na anayechoma kuni mbichi anatumia moto wake kuchemsha maji yaliyo ndani ya kuni kabla ya yaliyo ndani ya sufuria. Moshi unaowaumiza macho mama na watoto jikoni ndio ushahidi wake. Kuni zipasuliwe zingali mbichi, kwani hupasuka kwa urahisi zaidi, zipangwe juu ya magogo mawili zisiguse ardhi, gome liwe juu, upepo upite katikati, na juu yake pawekwe mabati chakavu. Kuni zilizopangwa Juni kwa namna hiyo zitawaka vizuri mvua zitakapoanza.

Pumba na maranda ndivyo vinavyodharauliwa kuliko vyote, na ndivyo vyenye kazi nyingi kuliko vyote. Jiko la pumba halihitaji fundi wa mjini. Debe au kopo kubwa la rangi hutobolewa tundu moja ubavuni karibu na chini. Chupa husimamishwa katikati, kijiti kinene hupitishwa tunduni hadi kiiguse, kisha pumba kavu hushindiliwa kwa nguvu kuizunguka chupa mpaka juu. Chupa na kijiti vikichomolewa taratibu, hubaki njia ya hewa. Moto ukiwashwa chini, jiko huwaka saa kadhaa kutoka ndani kwenda nje, likapika maharage bila mtu kuchochea. Lisiwekwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki.

Katika banda la kuku maranda makavu hutandazwa sakafuni, hupinduliwa mara kwa mara, na yaliyolowa huondolewa. Vifaranga hawapewi pumba laini kama unga, maana huzidonoa wakidhani ni chakula. Kundi la kuku likishauzwa, matandiko hayo yamekwisha kuwa nusu ya mbolea. Hapa ndipo wengi hukosea. Wapo waliobeba pumba mbichi wakazichimbia moja kwa moja katika shamba la mahindi, wakaona mahindi yao yamegeuka manjano, wakaapa kwamba pumba ni sumu. Si sumu. Vijidudu vinavyoozesha mbao vinahitaji naitrojeni nyingi, na visipoipata katika pumba huichukua katika udongo, mahindi yakabaki na njaa. Pumba hazina budi zichanganywe na samadi ya kuku au ng'ombe na majani mabichi, zinyunyiziwe maji, zipinduliwe, na ziachwe zioze. Anayetaka kuzitumia mbichi azitandaze juu ya udongo kati ya mistari ya miche ya miti au migomba, ambako huzuia magugu na kuhifadhi unyevu bila kuinyang'anya mizizi chakula.

Majivu ya jikoni nayo yana mahali pake. Udongo wa sehemu nyingi za Mufindi na Njombe ni wenye asidi, na majivu huipunguza na kuongeza potasiamu. Kabichi na maharage huyapenda. Chai haiyapendi, na viazi mviringo vikiwekewa majivu mengi huota ukoko kwenye ngozi.

Onyo moja lisiachwe. Mabaki ya nguzo za umeme na mbao zilizotiwa dawa ya rangi ya kijani hayaguswi na lolote kati ya hayo. Dawa hiyo ina shaba, kromi na asenik. Mbao hizo zikichomwa, asenik hubaki katika majivu na kutoka katika moshi. Pumba zake zikiwekwa bandani huwadhuru kuku na kumdhuru mla mayai. Wanaookota vipande hivyo karibu na viwanda vya nguzo kwa ajili ya kuni waelezwe kwa lugha ya wazi.

Yapo yasiyopaswa kutoka shambani kabisa. Matawi membamba na majani yakipangwa kwa mistari kukingama mteremko hushika udongo mvua za kwanza zinapopiga ardhi iliyo uchi. Visiki vya misindano havichipui, kwa hiyo vikatwe chini kabisa, mbao isiachwe ardhini. Visiki vya mikaratusi huchipua. Huko mkato uwe wa chini, laini na wenye kuinama ili maji yasituame, gome lisichanwe, na baadaye yabakizwe machipukizi mawili au matatu yaliyo imara. Mwenye shamba amepata zao la pili bila kununua mche hata mmoja. Akichoma moto, amekiua kisiki.

Na moto huo haukai mahali ulipowashwa. Mwezi wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka na upepo wa Nyanda za Juu ukivuma, cheche moja huvuka barabara. Wapo watumishi waliopoteza akiba ya maisha kwa alasiri moja kwa sababu jirani alikuwa "anasafisha". Hakuna aliyewarudishia. Sheria ipo, na vijiji vina sheria ndogo zao za moto, lakini ni nadra sheria hizo kumgusa mwenye shamba aliye mjini mwenye cheo. Humkamata kibarua aliyetumwa. Hapo viongozi wa Chama na wa Serikali za vijiji hawana budi kuuliza njiti ilikuwa ya nani, si mkono ulikuwa wa nani.

Kuna hoja moja yenye uzito. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na taasisi zenye kulisha watu wengi zimeagizwa ziache kuni na mkaa. Je, kuwafundisha watu jiko la pumba si kurudi nyuma? La. Mkakati unalenga kuuondoa moshi jikoni na shoka msituni, na njia ya kufika huko ni ya miaka. Kaya ambayo leo haina uwezo wa kununua gesi itapika jioni hii kwa kitu fulani. Heri kitu hicho kiwe mabaki ya mti uliokwisha kukatwa kuliko mti wa miombo uliosimama. Tena mabaki hayaishii kuwa kuni. Njombe, kiwanda cha miwati kilifunga katikati ya miaka ya 1990 mtambo wa megawati 2.5 wa kufua umeme kwa kuchoma mabaki ya miti, na vitofali vya pumba zilizogandamizwa huwaka kwa moshi mdogo kuliko kuni. Wananchi wakiungana katika ushirika wataimudu mashine ya vitofali ambayo mtu mmoja hawezi kuinunua.

Mwaka 1980 nchi hii ilianzisha kampeni iliyoitwa Misitu ni Mali. Shule zilipanda, vijiji vilipanda, na wengi wa walimu wa leo walibeba miche vichwani walipokuwa wanafunzi. Kampeni ilifundisha kupanda. Haikupata nafasi ya kufundisha namna ya kuumaliza mti uliokwisha kukatwa, na ofisi nyingi za misitu hadi leo zinajua zaidi habari ya ushuru na vibali kuliko kumwonyesha mwananchi namna ya kupanga kuni. Ofisa misitu wa wilaya anayekagua mbao barabarani angeweza pia kukagua kilichoachwa shambani kabla ya kutoa kibali kingine kwa mtu yuleyule. Vyuo vya misitu havikosi walimu wa kuwafunza vijana wa chenso kwa siku tano. Kinachokosekana ni vikundi vya vijana hao kupelekwa, na waajiri wao, ambao ni wenye mashamba, kuchangia gharama.

Shule nazo zina nafasi yake. Elimu ya Kujitegemea, tangu ilipotangazwa Machi 1967, ilidai shamba la shule liwe mahali pa kujifunzia, si mahali pa adhabu. Shule iliyo jirani na mashine ya mbao yaweza kuomba pumba zisizo na oili, na mara nyingi itapewa bure kwa kuwa mwenye mashine anatafuta pa kuzitupa. Lundo lililochanganywa na samadi mwezi Juni na kupinduliwa kila baada ya wiki tatu halitaiva kwa mvua za Novemba inayofuata. Litaiva kwa mvua za mwaka wa pili. Kwa hiyo mwalimu wa kilimo anayetaka darasa lake la sasa lione mahindi yaliyooteshwa kwa mbolea hiyo kabla halijamaliza shule, aanze na wanafunzi wa darasa la tano.